Kitabu Kilichofuliwa

Marashi alikuwa ananawa tena. Mkewe hakuhitaji kugeuka. Alimsikia nyuma yake pale bombani uani, brashi ya viatu ikipita juu ya vidole vya binadamu, shwa, shwa, shwa, kama mtu anayeparua magamba ya samaki. Mikono yote miwili ilikuwa ndani ya beseni la klorini, ile klorini yake yeye mke ya kung'arishia mashuka ya nyumba za wageni.

"Baba, hiyo ni ya mashuka," alisema Dobi. Mtaani kote aliitwa hivyo, Dobi, hata na watoto wadogo, na alishasahau kuchukia. "Hiyo inatoa madoa ya watu ambao sitaki kujua walikuwa wanafanya nini. Ngozi yako itabaki wapi?"

Marashi aliinua mikono, akainusa kiganja kwa kiganja, akakunja uso, akairudisha mle mle.

Jina la Marashi alilipata kazini. Alikuwa mtu wa gari la maji taka, lile lenye tangi kubwa na mpira mnene kama paja la mtu, linalonyonya mashimo ya vyoo vya watu wanaojua sana kula ila hawapendi kukumbushwa kinakoishia. Zamani akiingia dukani watu walipiga kelele, "Marashi kafika!" naye alijibu, "Leo nimejipulizia mara mbili!" wakavunjika mbavu. Kazi ile bila mzaha haifanyiki. Na mzaha wenyewe ulikuwa na mwalimu wake: mwenzake wa gari, Kasuku, mtu aliyezaliwa akisimulia. Kasuku ndiye aliyefia ndani ya shimo, kabla mvua hazijaanza. Hewa ya mle chini ilimlaza kama mtoto. Tangu siku hiyo Marashi hakurudi kazini, hakusema zaidi ya "ndiyo" na "sijui," na hakuutia mkono wake ndani ya sahani. Dobi alimlisha kwa kijiko. Alimeza viwili vitatu, kisha akageukia ukuta.

"Mwanangu alikuwa na kitambi cha heshima," alisema mama mkwe kutoka juu ya kigoda chake. Alikuwa mwanamke mkavu, mwenye meno machache na maneno mengi. "Sasa ukimwanika hapo pamoja na mashuka, upepo unaondoka naye."

"Mama, anakusikia."

"Si ndiyo nataka asikie! Akasirike. Akikasirika nitajua bado yumo."

Marashi hakukasirika. Aliendelea kusugua mpaka maji ya beseni yakaanza kuwa mekundu, na Dobi akaacha shuka la watu likielea, akaenda kumshika mikono kwa nguvu, wakabaki wamesimama vile kama watu wanaogombania ndoo.

Kesho yake Dobi alimpeleka zahanati, na muuguzi hakushangaa. Alisema huu ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine, una vidonge vyake, na vidonge visiachwe. Kisha akamtuma Marashi akapimwe uzito, akamwambia Dobi kwa sauti ya chini aifiche ile klorini, na si kwa ajili ya mikono tu. Dobi alielewa.

"Na asikae peke yake," aliendelea muuguzi. "Pale maktaba kuna kikao cha kusoma. Watu wenye huzuni, waliokosa usingizi, waliofiwa. Wanakaa duara wanasoma hadithi kwa sauti. Hadithi inampa mtu mahali pa kuiweka akili ipumzike kidogo."

"Kusoma tu?"

"Kusoma tu. Pamoja na vidonge, nimesema."

Dobi alirudi nyumbani na tumaini lililomtia aibu, kwa jinsi lilivyokuwa kubwa.

Kikao kilikuwa katika chumba cha nyuma cha maktaba, viti vimepangwa duara, pazia safi, harufu ya dawa ya sakafu. Kiliongozwa na mwanamke wa sauti laini, miwani imening'inia kifuani, ambaye wote walimwita Mlezi. Na haikuwa kwamba alikuwa mtu mbaya. Alipenda vitabu kwelikweli. Akivifungua alivipapasa kama mtu anayepapasa shavu la mjukuu. Alieleza utaratibu: kitabu ni kimoja tu, makusudi. Anayemaliza ukurasa anampa jirani yake, mkono kwa mkono, na jirani anasema, "Nimepokea." Asiyeweza kusoma siku hiyo anakishika kidogo tu, kisha anakipitisha.

"Huku kupokezana ndiko dawa yenyewe," alisema Mlezi. "Aliyeelemewa aone kuna mkono unamngoja."

Dobi aliketi nyuma ya mumewe, akakubali kwa kichwa. Maneno mazuri, alijiambia. Mtu mwenye maneno kama haya hawezi kukosa kumponya mtu.

Kitabu kilikuwa riwaya ya bibi mmoja mgomvi aliyeibiwa jogoo, akaapa kumfuata jirani yake aliyemshuku mpaka kaburini. Watu walisoma, wengine wakikwama, wengine wakitia sauti ya bibi, kukawa na vicheko vidogo. Kikafika kwa Marashi. Alikipokea. Hakusema "nimepokea," lakini alikishika, akaangalia herufi, na Dobi alimwona vidole vikitulia. Kisha akamgeukia jirani yake wa kulia.

Jirani wa kulia alikuwa mke wa mwenye duka la dawa, mama mnene mwenye vikuku, aliyekuja kikaoni kwa sababu ya kukosa usingizi. Alikuwa amemtazama Marashi tangu mwanzo kwa jicho la mtu anayetafuta alikomwona.

"Si wewe wa lile gari?" aliuliza. "Si ulikuja kwangu?"

Marashi aliendelea kunyoosha mkono. Yule mama akafungua mkoba, akatoa leso, akaifunga vidoleni, na kwa ncha ya leso akakivuta kitabu kwa pembe, kama anavuta panya mfu kwa mkia.

"Nimepokea," alisema, akitabasamu kwa adabu zote.

Mwanamume mmoja alikumbuka kwamba kuna joto, akafungua dirisha. Mwingine akasogeza kiti chake kidogo nyuma, akajitia anatafuta mwanga. Kitabu kikaenda zake duarani. Mlezi aliona yote, na alipumua taratibu kama mtu anayefikiria jambo la busara.

Njia nzima Dobi aliongea peke yake. "Leso! Ameitoa leso! Choo chake kikifurika anamwita 'ndugu yangu njoo haraka,' leo kitabu anakishika na leso! Uso umejaa poda, moyo umejaa—" Akatafuta neno, akalipata, akalisema kwa sauti, na watu wawili waliopita wakageuka.

Akasukuma mlango wa uani kwa teke. Nyuma ya mlango, pale pale kilipokuwa miaka yote ya ndoa yake, kilisimama kijiti. Ni kile alichokuwa akiinulia ovaroli za mumewe, bila kuzigusa, na kuzitumbukiza katika ndoo yazo peke yazo; na juu ya dirisha ilikuwepo sahani ya mumewe peke yake, na kikombe chake peke yake, kwa sababu, aliwahi kumwambia siku za mwanzo, "si unajua kazi yako." Marashi alikuwa amecheka siku ile. Kwenye gari alikuwa amejifunza kucheka.

Dobi alikitazama kijiti. Kisha akakigeuzia mgongo, akaenda kuwasha moto.

Kikao kilichofuata Mlezi alimvuta kando, karibu na kabati la kamusi.

"Tumeona mumeo anahitaji faragha kidogo," alisema.

"Faragha ya nini?"

"Tumemwandalia nakala yake mwenyewe. Nimeichapa kwa printa ya ofisini, imejalidiwa vizuri. Atakwenda nayo nyumbani. Hapa asilazimike kupokezana."

"Yeye ndiye asilazimike, au wao?"

Mlezi alimshika bega, kwa vidole vyepesi. "Dada yangu, sote tunajifunza."

Na Dobi akasema asante. Ndiyo, akasema asante. Mdomo una mazoea yake mabaya. Akapokea furushi la karatasi lenye springi ya plastiki na jalada la nailoni, jalada ambalo mtu angeweza kulipangusa.

Kwa hiyo duara liliendelea bila Marashi kuwa ndani yake. Aliketi palepale, nakala yake mapajani, na kitabu cha wenzake kikimruka kama maji yanavyoruka jiwe. Mtu wa kushoto aliinuka kidogo, akakipitisha mbele ya pua yake, mama mwenye vikuku akakipokea bila leso. Mambo yakawa mazuri. Wote wakapumua.

Nyumbani ndiko kitabu kilikopata sauti. Jioni, mashuka yakishakunjwa, Dobi aliketi kitandani akausomea mgongo wa mumewe. Alikuwa msomaji mbovu. Alisoma kwa kuruka, kama anayevuka dimbwi kwa mawe, na mama mkwe aliketi mlangoni akitoa hukumu.

"'Bibi akamwambia jirani, unyoya huu uliokwama kwenye nywele zako umetoka wapi?'" alisoma Dobi.

"Hapo amemkamata!" alisema mama mkwe.

"'Jirani akasema, ni wa mto wangu wa kulalia.'"

"Mwongo! Huyo hana mto. Umesoma mwenyewe juzi kwamba analalia gunia."

"Mama, mimi sikuandika."

"Basi aliyeandika asahihishe. Jogoo wa watu yuko tumboni mwake. Endelea."

Marashi alitazama ukuta. Hakucheka, hakugeuka. Ila Dobi aliona jambo moja dogo, akaogopa kuliamini: alipoanza kusoma, shuka lililokuwa limefunika kichwa lilishuka mpaka sikioni. Siku alipoacha kusoma mapema kwa uchovu, vidole vyenye nyufa vilitoka chini ya shuka, vikagonga ubao wa kitanda. Mara moja tu. Dobi alifungua tena kitabu na kusoma mpaka sauti ikamkauka.

Ndipo ikaja habari ya wageni.

"Wanaotufadhili kikao wanakuja kesho kututembelea," Mlezi alimwambia, tena pale kwenye kamusi. "Wanataka kuona watu waliosaidika na kusoma. Nimemfikiria mumeo. Mtu wa kazi kama ile, amekaa na kitabu mkononi! Itawagusa sana. Atasoma ukurasa mmoja tu, watampiga picha."

"Mume wangu hasemi."

"Basi akishike tu. Lakini..." Mlezi akashusha sauti, akaifanya laini mpaka ikateleza. "Kuna mwenzetu analalamika. Hiyo nakala ina harufu."

"Harufu ya nini?"

"Ya... kazi."

Dobi alikichukua kitabu, akakifungua katikati, akaingiza pua yake yote. Mtu anayeishi kwa kunusa nguo za wengine haogopi kunusa. Kilinuka sabuni ya mche. Kilinuka moshi wa mkaa, na kidogo kitunguu. Kilinuka chumba chake yeye na kitanda chake. Akainua macho, na kuvuka bega la Mlezi akaona duara zima likitazama kwingine kwa ustaarabu mkubwa, na kinyaa kikampanda kooni, kizito, kama amemeza nywele.

Alikuwa na jibu. Lilikuwa tayari kwenye ulimi, lina miiba pande zote. Lakini Mlezi alisema, "Isije ikawa sababu ya kumwacha nje, dada yangu," na Dobi akaona vile vidole vikigonga ubao wa kitanda. Akajikaza kisabuni.

"Kitakuwa safi," alisema.

Hasira ni dobi mbaya. Dobi wa kweli, kabla hajatia dawa kwenye nguo yoyote, hujaribu kwanza pembeni, penye pindo, aone kama rangi inatoka. Hili Dobi alilijua kuliko jina la baba yake. Asubuhi ya siku ya wageni hakujaribu chochote. Alitoa klorini alikoificha, akaizimua kwenye beseni, akaichomoa springi ya kitabu, na ukurasa kwa ukurasa akaanza kupangusa kwa kitambaa, mbele na nyuma, akinong'ona kila neno alilomeza siku iliyopita. Alipomaliza aliziweka karatasi kwenye kamba kwa vibanio, safu nzima, katikati ya foronya na soksi. Ndipo akarudi nyuma kuzitazama.

Wino wa printa ya ofisini ulikuwa unatiririka. Ulishuka taratibu kwenye karatasi kama machozi ya rangi ya samawati, ukadondoka juu ya foronya za watu. Karatasi nyingine zilikuwa na mawingu ya buluu yenye neno moja moja ndani yake. Nyingine zilikuwa nyeupe pee. Bibi, jogoo, jirani na unyoya wake, wote wamekwenda na maji.

"Dobi! Leo wateja wako ni magazeti?" alipiga kelele jirani kutoka juu ya ukuta. "Na kesho utafua redio?"

Dobi aliketi chini kwenye maji ya sabuni, na nguo yake nzuri aliyovaa kwa ajili ya wageni, akafunika uso kwa aproni, akalia kwa sauti kama mtoto aliyevunja chungu cha mamake.

"Umefanya nini wewe mwanamke?" alisema mama mkwe, akijivuta kutoka kwenye kigoda. "Jogoo wetu yuko wapi?"

"Nimemfua, mama! Nimemfua! Walisema ananuka, nikamfua, sasa kaondoka!"

Mlango wa chumba ulilia. Marashi alitoka kwenye jua, amefinya macho, suruali imefungwa kwa kamba. Alimtazama mkewe aliye chini, akatazama karatasi zinazopepea. Akaenda taratibu mpaka ya kwanza, akaishika kwa pembe, akainamisha kichwa. Yalikuwa yamebaki maneno mawili: "paa" na "usiku."

"Hapa," alisema, na sauti ilitoka na kutu, "bibi alipanda juu ya paa."

Dobi alishusha aproni usoni.

"Alipanda juu ya paa la jirani," alisema tena, "asikilize kama jogoo atawika tumboni."

"Si kweli," alisema mama mkwe, ambaye hakuwa mtu wa kuachia hoja. "Jirani ndiye alipanda."

"Mama, wewe ulisinzia. Bibi alipanda. Jirani alishika ngazi akidhani ni mkewe."

"Mimi nilisinzia?"

"Ulikoroma."

Dobi aliinuka na maji yakimtiririka, hakuthubutu kumsogelea asije akamshtua. Marashi akasogea kwenye karatasi ya pili, akaeleza. Ya tatu, akaeleza. Alikuwa nacho kitabu chote kichwani, neno kwa neno mahali pengine. Sauti za bibi alizitia, kikohozi cha jirani akakitia. Jirani wa ukutani alinyamaza, akaweka kidevu juu ya matofali. Hivyo wakafika mwisho wa kamba, penye karatasi iliyong'aa weupe, haina hata kivuli cha herufi.

"Na hapa?" aliuliza mama mkwe.

Marashi aliitazama kwa muda mrefu. Mikono yake ikaanza kutafutana, ikisuguana.

"Hapa Kasuku anashuka," alisema.

Mama mkwe alishika nguzo ya kamba.

"Mpira ulikuwa umeziba. Watu wanatupa matambara mle, wanatupa kila uchafu, halafu wanashangaa. Kasuku akasema nashuka mimi. Kamba ya kujifunga hakuna, tajiri wetu alisema ataleta, hakuleta. Akawa anashuka huku ananisimulia. Eti shemeji yake alikwenda kuposa na viatu vya kuazima. Kufika ukweni, mwenye viatu naye ni mmoja wa wazee waliokaa kumpokea. Akavitazama vile viatu, akamwinamia sikioni, akamwambia..." Marashi akameza mate. "Kasuku akanyamaza. Alikuwa na tabia hiyo, kukuning'iniza pale penye utamu. Mimi niko juu, nacheka. Nikamwambia, sema basi. Kimya. Nikacheka tena. Nilikuwa nacheka, mke wangu. Mwenzangu anakufa, mimi nacheka namngoja."

Dobi alifika kwake sasa. Hakujua alivyofika.

"Tulipomtoa nimemshika hivi, hivi, na mikono hii. Mwenye nyumba akatoka na kitambaa puani. Unajua aliuliza nini? Aliuliza, 'Kwa hiyo choo kitatumika lini?'"

Foronya ziliendelea kudondosha maji. Kwenye ukuta kidevu cha jirani kilikuwa kimeshuka hakionekani.

"Alimwambia nini?" aliuliza mama mkwe ghafla.

"Nani?"

"Mwenye viatu. Alimwambia nini huyo shemeji?"

"Sijui, mama. Ndiyo nasema. Sijui, sitajua."

"Basi mwisho weka wewe. Mtu hawezi kuachwa ameinamiwa sikio tangu wakati huo mpaka leo. Karatasi nyeupe hiyo hapo."

Marashi alimwangalia mama yake, akaangalia karatasi. Midomo ilicheza bila sauti. Kisha akasema, polepole, kwa sauti ambayo Dobi aliitambua si yake, ilikuwa ya yule mwenzake, nyembamba, ya puani:

"'Shemeji, posa upendavyo. Ila usipige magoti. Soli ina tundu, watajua sisi maskini wote.'"

Mama mkwe alipasua kicheko, meno yake machache yote nje. Marashi naye akacheka, na kicheko kikageuka njiani, akaanguka begani kwa mkewe akalia mpaka wakayumba, na vibanio viwili vikaruka kutoka kwenye kamba.

"Hodi! Wenyewe mpo?"

Alikuwa Mlezi, na mfuko mkononi. Nje ya lango gari lilikuwa likinguruma. Aliingia akipumua kwa mdomo, taratibu, kwa namna ambayo mtu asiyejua angedhani ni uchovu. Dobi alimletea kiti. Mlezi akashukuru, akatoa gazeti mfukoni, akalitandaza juu ya kiti, akalisawazisha pembe zote, ndipo akaketi.

"Nimesikia sauti yake nje!" alisema, macho yakimetameta, na furaha ilikuwa ya kweli, ndiyo iliyoudhi zaidi. "Anazungumza! Mmeona? Kitabu kimefanya kazi. Wageni watalia." Akatoa shati jipya, bado lina pini, na kichupa cha manukato. "Avae hili. Na ajipulize vya kutosha, shingoni na mikononi. Hasa mikononi. Si unajua wageni."

"Mimi ni Marashi tayari," alisema Marashi.

Mlezi alicheka kidogo bila kuelewa. Ndipo akaona kamba. "Hicho... ndicho kitabu?"

"Ulisema kisafishwe," alisema Dobi. "Sasa kimetakata."

"Jamani, mmekiharibu! Atashika nini kwenye picha?"

Marashi alibanua ile karatasi nyeupe, akaikunja mara moja, akamnyooshea. Mkono ulikuwa mwekundu, umepasuka kwenye maungio.

"Mimi nimemaliza ukurasa wangu," alisema. "Pokea."

Mlezi aliutazama mkono. Dobi alimwona anajaribu. Kwa kweli alijaribu, bega lake lilianza safari. Kisha vidole vikageuka njia, vikafungua mdomo wa mfuko wa plastiki, vikausogeza mbele.

"Itie humu, ndugu yangu. Isilowe."

"Mkono kwa mkono," alisema Marashi. "Kikao chako kinasema hivyo."

"Naelewa, naelewa kabisa. Ni vile tu gari linanisubiri."

Mkono wa Marashi ulibaki hewani. Mfuko nao ulibaki hewani, umeachama. Mama mkwe alijikongoja katikati yao, akaichukua ile karatasi, akaubonyeza mkono wa mwanawe kabla ya kuuachia.

"Nimepokea," alisema. Akampa mkwewe.

Dobi alipokea, si karatasi tu bali na mkono wa bibi kizee, kisha kwa mkono wake wa pili akaushika wa mumewe, ule uliopasuka, ambao kwa miaka yote hakuwahi kuushika ukitoka kazini kabla haujanawa.

"Nimepokea," alisema. Akamgeukia mgeni. "Waambie wageni wako mgonjwa wao hatakuja. Yuko nyumbani, anasoma. Zahanati tutakwenda kama tulivyoagizwa, vidonge tutameza. Na hilo shati mpe mwenye kulihitaji. Huyu anazo nguo, tena zimefuliwa na mtu anayejua."

Mlezi alisimama. Alisema anaelewa, alisema mlango wa kikao uko wazi siku zote, alisema sote tunajifunza. Akatoka akiwa amelikumbatia shati, na gari likaondoka. Gazeti lake lilibaki kwenye kiti, lina alama ya makalio.

Dobi alikwenda nyuma ya mlango, akachukua kile kijiti. Kwa kijiti akalinyanyua gazeti kutoka kitini, mkono ameunyoosha, uso ameugeuza, pua ameibana kwa vidole viwili, akalivusha ua lote namna hiyo hadi kwenye pipa la taka. Akalitupa. Akakitazama kijiti kidogo, akakivunja gotini, akakitupa juu yake.

"Haya," alisema mama mkwe, akirudi kigodani. "Tumeshapoteza muda mwingi na wageni. Jogoo yuko wapi?"

"Jogoo nitamfikia, mama," alisema Marashi. "Ngoja kwanza nile."

Dobi aliingia ndani haraka wasimwone uso. Alinyoosha mkono juu ya dirisha ilipo ile sahani ya peke yake, akaurudisha. Akatoka na sinia moja la wote, akaliweka chini katikati yao, na hakuleta kijiko.